Gari la Kibosho la milioni 14: uliza kwanza litashukaje

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa shule ya huko juu Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Kutoka lami hadi nyumba nitakayokaa ni kama kilomita nne za udongo, kuna miteremko miwili mikali na kijidaraja cha mfereji. Nina milioni 14 za gari. Kaka yangu yuko Kanada, anasema huko kwenye theluji na milima watu wanaendesha Subaru, kwa hiyo nichukue Forester. Baba watoto anataka RAV4 Kilitime. Mwalimu mwenzangu anasema IST inatosha, nisijitafutie gharama. Nina watoto wawili, na kila mwisho wa wiki nitakuwa nashuka Moshi mjini. Nishike la nani?

Marahaba mwalimu, na hongera kwa kituo kipya.

Ushauri wote uliopewa unahusu kupanda. Mimi naomba tuanze na kushuka. Gari likishindwa kupanda, unaliegesha kando ya migomba, unavua viatu, unamalizia kwa miguu, na kesho jua likiwaka unalifuata. Likishindwa kushuka limeshaingia korongoni na watoto wamo ndani. Moshi mjini iko kwenye mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari. Malango ya Hifadhi ya Kilimanjaro kama Machame na Marangu yako kwenye mita 1,800 hivi. Wewe hufiki huko juu kabisa, lakini hata nusu ya mwinuko huo, ukiushuka kila Jumamosi na gari lina mizigo, ni kazi nzito kwa breki ambazo zimeshatumika miaka kadhaa Japani na mingine hapa kwetu.

Kaka yako hajakosea sana. Theluji ya kwake na tope la Kibosho la mwezi wa nne vina ugonjwa mmoja: tairi halina pa kushika. Ila hata huko kwenye theluji, wanaoijua kazi wanaanza na tairi, 4WD inafuata. Hiyo 4WD inakusaidia kuondoka na kupanda kwa sababu nguvu ya injini inagawanywa magurudumu yote manne. Kwenye kusimama haikuongezei kitu, maana gari lolote, IST ikiwemo, linafunga breki magurudumu yote manne. Mwenye 4WD na tairi kipara anapanda kwa raha zake, anajiona bingwa, halafu asubuhi wakati wa kurudi anaserereka mpaka kwenye kahawa ya watu.

Na kuna mambo mawili ya theluji yanayotufikia mpaka hapa Moshi bila wanunuzi wengi kujua.

La kwanza ni tairi. Magari yanayotoka Hokkaido na sehemu nyingine za Japani zenye theluji nyingi mara nyingine huja na tairi zake za majira ya baridi. Chutama utazame ubavuni: limeandikwa STUDLESS, na kila kipande cha mpira kina mikato myembamba ya mawimbi, mingi mno, kama vile mtu alipitisha wembe. Muuzaji atakuambia, "Tairi mpya hizi mwalimu, angalia meno." Meno yapo kweli. Lakini mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya kugandisha; kwenye lami yetu ya joto unalika upesi, na lami ikilowa gari linachelewa kusimama kuliko lingekuwa na tairi la kawaida. Kwenye kupatana bei, zihesabu hizo tairi kuwa hazipo. Tafuta pia zile tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu ubavuni: 3519 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la zamani mno, hata liwe na meno yote, mpira umekauka na hauwezi kushika. Na herufi M+S zisikutie wazimu. Ziko kwenye tairi nyingi, ni madai ya kiwanda kwamba mchoro wake unafaa tope na theluji, wala hazithibitishi kwamba tairi hilo limejaribiwa. Wewe kwa kilomita nne za udongo nunua A/T, yaani tairi za njia zote, zenye meno ya wastani na nafasi ya kutema tope, zote nne kwa pamoja, saizi moja na aina moja.

La pili ni chumvi. Kwenye nchi za theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula chuma kwa chini. Juu gari linang'aa rangi ya lulu, ukiingia uvunguni unakuta chesisi inamenyeka magamba, mabomba ya breki yana kutu, nati za shokapu hazifunguki. Kutu ya juujuu isikutishe. Ya kutisha ni ile ambayo ukigonga kwa bisibisi chuma kinatoa sauti nzito au kinadondoka vipande, hasa kwenye mabomba ya breki na pale mikono ya magurudumu inaposhikia. Gari likipakwa rangi nyeusi mbichi uvunguni siku chache kabla ya kuuzwa, uliza linafichwa nini. Kama muuzaji bado ana karatasi ya mnada wa Japani, tafuta herufi S na C kwenye ule mchoro wa gari: S ni kutu, C ni kutu iliyokwishakula bati. R au RA sehemu ya daraja ni gari lililopata ajali likatengenezwa.

Sasa tuje kwenye magari yenyewe.

IST. Mwalimu mwenzako ana hoja nzuri kuliko watu watakavyokuambia. Injini yake haina mambo mengi, vipuri viko kila duka, kila fundi anaijua, na mafuta inakula kidogo. Kabla hujaikataa fanya hivi: nenda kaongee na madereva wa Noah zinazobeba abiria njia yako. Waulize masika wanafika wapi, na wanashushia watu wapi mvua ikikolea. Kama Noah inafika mlangoni kwako mwezi wa nne, IST yenye tairi nzuri itafika siku nyingi, na hela iliyobaki utasomeshea watoto. Kama Noah inaishia kwenye lami, basi IST itaishia hapohapo, tena kabla yake, kwa sababu tumbo lake liko chini na kijidaraja cha mfereji kitalikwangua. Kuna IST za 4WD. Soma kibati cha gari, NCP60 na NCP61 ni za magurudumu mawili, NCP65 ndiyo 4WD. Inasaidia kwenye utelezi, lakini tumbo ni lilelile.

RAV4 Kilitime, yaani RAV4 ya kizazi cha pili. Hapa naomba baba watoto anisikilize vizuri, maana gari ni zuri, limekaa juu, na watu wanalipenda kwa sura. Kwa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, kuna mtego. Za 4WD, ACA20 na ACA21, zina injini ya cc 2,000 ya D4, yaani petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Za injini ya kawaida ya cc 1,800, ZCA25 na ZCA26, zinavuta magurudumu ya mbele tu. Kwa hiyo ukitaka kuikimbia D4 unaikosa 4WD, na ukitaka 4WD unaipokea D4 yake. Injini hiyo inataka petroli safi na matunzo. Pampu yake ya presha na nozeli zake ni ghali, na masizi yanajaa kwenye vali za kuingizia hewa mpaka gari linatetemeka likiwa limesimama. Ipo iliyotunzwa vizuri, sikatai. Ila kwa milioni 14 utakayoonyeshwa mara nyingi ni ile ambayo mwenyewe ameshachoka nayo. Na dalali atakuambia "hii ni foo wili" kwa sababu tu ina tairi la akiba mgongoni. Soma kibati, au ingia uvunguni uangalie kama kuna propela shafti inayokwenda nyuma.

Forester. Kwa kutembea kwenye utelezi, hakuna gari la bei hii linaloishinda. Magurudumu yote manne yanavuta muda wote bila wewe kubonyeza kitu, uzito uko chini, na uvungu wa ile ya kawaida una kama sentimita 20. Ukiipata, iwe yenye kodi SG5 kwenye kibati, isiyo na tabo (ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini). Ile ya Cross Sports inayopendwa na vijana imeshushwa, na wewe unahitaji urefu. Shida ya Subaru mlimani ni kwamba haimsamehe mtu asiyeangalia oili, na ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinagonga pistoni na injini imekwisha. Muuzaji asiye na kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, hesabu haujabadilishwa. Jambo jingine: tairi zake lazima ziwe na kimo kimoja. Likitoboka moja huko juu ukaweka jipya pamoja na matatu yaliyolika, gia boksi inafanya kazi isiyo yake mpaka inaungua. Kama kuna fundi wa Subaru unayemwamini hapa mjini, kaka yako ameshinda nusu ya mechi. Kama huna, achana nayo.

Mimi kwa safari zako ningekutafutia Suzuki Escudo ya kizazi cha pili, ya milango mitano, injini ya cc 2,000. Hakuna aliyekutajia kwa sababu haina jina la kujivunia kijiweni. Ina chesisi ya kweli chini ya bodi, injini yake inatumia cheni badala ya mkanda, na pembeni ya gia kuna kirungu kidogo chenye 2H, 4H na 4L. Hiyo 4L ndiyo ninayokununulia. Ukiiweka, mwendo wa kila gia unapungua karibu nusu. Pale juu ya mteremko wako wa udongo, mvua imenyesha usiku, unasimama, unaweka 4L, unaingiza gia ya kwanza au L, unatoa mguu kwenye breki, na gari linashuka taratibu lenyewe, injini ikilishika, magurudumu yote manne yakizunguka badala ya kufunga na kuserereka. Forester ya otomatiki, RAV4 na IST hazina kitu hicho.

Ina gharama zake. Inakula mafuta, mlimani tegemea kama kilomita 8 au 9 kwa lita. Nyuma inarusharusha, watoto watalalamika. Na 4H na 4L si za lami kavu: magurudumu ya mbele na ya nyuma yamefungwa pamoja, ukikata kona kwenye lami gari linajikaza na unavunja meno ya gia ndani. Ukifika lami, rudisha 2H. Kwenye kuijaribu, ingiza 4H kisha 4L mara kadhaa. Taa ya 4WD kwenye dashibodi iwake na itulie. Ikipepesa, mtambo wa kuunganisha magurudumu ya mbele una hitilafu, na wauzaji wengi hawajui kwa sababu hawajawahi kugusa kile kirungu.

Escudo nzuri ikikosekana, angalia Toyota Cami, ambayo ni Daihatsu Terios yenye nembo nyingine. Injini ndogo ya 1.3, nyingi zina 4WD ya muda wote, nyembamba, inapita kwenye vichochoro vya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, ambamo mbili zikikutana moja inarudi nyuma. Ni ndefu kwenda juu na nyembamba, kwa hiyo kona za lami uziingie kwa adabu. Atatokea pia mtu na X-Trail ya bei ya kutupa. Bei hiyo ina sababu zake, mwache aendelee nayo.

Huenda mtu akakushauri uagize mwenyewe Japani. Kwa hela hii na kwa magari ya umri huu sikushauri. Gari likishazidi miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu, na TRA, mamlaka ya mapato, wanacho kikokotoo cha ushuru kwenye tovuti yao. Weka gari unalolitaka uone jumla kabla hujatuma hata senti.

Kulikagua. Fika asubuhi na umwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika, kisha weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, limewashwa ili ukose kusikia jinsi linavyowaka likiwa baridi. Fungua mfuniko wa rejeta wakati bado pamepoa: unataka kuona kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) yenye rangi, nyekundu au kijani. Ukikuta maji ya kutu, mfumo umekaa bila kinga. Uliza kama themostati, ile vali inayosimamia joto la injini, imo. Kuna mafundi wanaoitoa gari likichemka, na mwenye gari anadhani amepona. Kwenye baridi ya mwezi wa saba Kibosho injini hiyo haifikii joto lake, inakula mafuta na kulika ndani.

Halafu linakuja jaribio lenyewe. Muuzaji atataka mzunguke kipilefti moja mbili mjini mkarudi. Mwambie mnapanda mlimani, mafuta unaweka wewe. Akikataa, umeshapata jibu bila kutoa hela. Mnapanda mkiwa na watu wanne ndani, kiyoyozi kimewashwa, na wewe jicho liko kwenye geji ya joto: ikishafika katikati isisogee tena. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo usilihukumu kwa kuwa zito kidogo. Lihukumu likibadilisha gia kwa kishindo au injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka.

Mkifika juu geuzeni. Kama ni otomatiki, ondoa D, weka 2, kisha L, toa miguu yote. Unapaswa kusikia injini inapanda sauti na gari linajizuia. Likiendelea kukimbia vilevile kama lililo nyutro, gia boksi hiyo si ya mlimani. Kanyaga breki kwa nguvu mara moja pasipo na watu: usukani ukitetemeka diski zimepinda, ukivutwa upande mmoja breki za upande mwingine hazishiki. Katikati ya mteremko simama, weka nyutro, vuta handibreki, achia mguu. Lisitambae. Chini kabisa shuka, pita gurudumu moja moja, sogeza kiganja karibu bila kugusa. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, breki yake haiachii. Chungulia diski za mbele kati ya rimu: zikiwa na madoa ya bluu zimewahi kuchomwa na mtu aliyeshuka kwa breki peke yake.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yapite nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji ya kutosha, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Ukishuka mlima mrefu umekanyaga breki muda wote, joto linayafikia, yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inakwenda hadi chini na gari halisimami. Muuzaji atakuambia yapo mpaka alama ya juu, na ni kweli, ila yanaweza kuwa hayajabadilishwa tangu bandarini. Badilisha yote wiki ya kwanza, weka DOT 4, kisha kila baada ya miaka miwili.

Na utakaposhuka, usiweke nyutro ati unabana mafuta, kama wanavyofanya baadhi ya madereva wetu. Injini hizi ukishuka na gia bila kukanyaga mafuta zinakata petroli zenyewe. Ukiweka nyutro ndipo zinapoanza kuichoma ili zisizime. Unapoteza breki ya injini na mafuta pia.

Kwa hiyo katika hizo milioni 14, gari lenyewe lisizidi 11 na nusu. Zilizobaki ni tairi nne, pedi na viatu vya breki, oili zote na mafuta ya breki, bima, na gharama za kuhamisha umiliki. Chenji ikitosha, tafuta minyororo ya tairi, ileile wanayofunga wenzetu wa theluji. Kwenye tope inang'ata vizuri. Ifunge magurudumu yote manne, au ya mbele kama utaishia kununua IST, na uivue kabla ya kukanyaga lami.

Kuhusu makaratasi: jina lililo kwenye kadi liwe la mtu unayemlipa, si la binamu aliyesafiri. Namba ya chesisi isome mwenyewe kwenye chuma, ulinganishe na kadi herufi kwa herufi. Angalia kwa namba ya usajili kama gari lina deni la faini za trafiki, maana deni likikutwa barabarani atasumbuliwa aliyeshika usukani. Hela ipite benki, na siku hiyohiyo mwende TRA pamoja muanze kuhamisha umiliki. Muuzaji mwenye haraka ya kupokea taslimu Ijumaa jioni, mwambie mtaonana Jumatatu.